Nyuzi Laini Huficha Sauti ya Gita

Wako vijana wetu wapendao jazi ya Kimarekani ambao huchagua nyuzi za gita kwa kupapasa, si kwa kusikiliza. Hilo ni kosa.

Uzi uliozongwa waya bapa ni mwororo, wala haukwaruzi mkono unapohama. Lakini katika gita lisilo la umeme sauti yake ni fupi, kama ya mtu asemaye ndani ya shuka. Uliozongwa waya wa duara huparuza kidole, ila hunena. Wa shaba na zinki, 80 kwa 20, hung'ara, kisha hufifia upesi kwa jasho. Wa shaba na bati una joto zaidi, nao hudumu.

Freddie Green aliingia bendi ya Count Basie mwaka 1937, akaipigia takriban miaka 50. Gita lake halikuwa la umeme. Nyuzi zilikuwa nene, tena zimeinuliwa juu. Hakutafuta wepesi wa mkono, alitaka asikike kati ya tarumbeta.

Nasi tuliolelewa na udi twajua: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwanza sikio, kidole kitazoea.