Kuponywa si Kutupa Vidonge



Katika jumuiya yetu hapa Kisesa yupo mama mmoja aliyekuwa akimeza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kila jioni, mara baada ya Rozari. Siku moja alikwenda kwenye mkutano wa maombezi, akatangaziwa mbele ya umati kwamba amepona, na usiku ule ule akavitupa vidonge vyake chooni. Baada ya miezi michache tulimkuta kitandani, amekonda, na daktari hataki hata kumsikia, maana kwenda kwa daktari kungekuwa kukiri kwamba imani yake ilikuwa haba. Hilo la mwisho ndilo linalotuuma. Alikuwa na mzigo wa ugonjwa, akaongezewa na wa hatia.

Hatuandiki haya kwa kudharau maombi. Mtume Yakobo aliagiza mgonjwa awaite wazee wa Kanisa wamwombee na kumpaka mafuta, nasi twafanya hivyo. Papa Paulo wa Sita aliirekebisha ibada ya Mpako wa Wagonjwa mwaka 1972, ikabaki wazi kwamba si ya wanaokata roho tu. (Hata hivyo, mpaka leo Padre akionekana na mafuta, majirani huanza kuulizana turubai litapatikana wapi.)

Kasoro iko katika kipimo. Sisi Wasukuma tumezoea umati uwe mwamuzi. Kwenye Bulabo pale Bujora, baada ya sikukuu ya Ekaristi, Bagika na Bagalu hushindana kucheza; aliyevuta watu wengi ndiye mshindi, na watu husema dawa yake ndiyo kali. Kwa ngoma hakuna ubaya, na sisi hatukosi kwenda kutazama. Lakini kipimo hicho tumekibeba hadi kwenye magonjwa. Mwaka 2011 watu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na urefu wa foleni ya magari ukawa ndio ushahidi. Wapo walioacha dawa zao za hospitali kwa sababu hiyo. Na huku kwetu, utafiti uliofanyika katani Kisesa na kuchapishwa mwaka 2010 uliwahoji viongozi wa dini 25; miongoni mwao walikuwamo walioamini kwamba UKIMWI huondoka kwa maombi.

Kanisa lenyewe huenda taratibu zaidi. Huko Lourdes, Ufaransa, ipo ofisi ya madaktari tangu mwaka 1883. Anayesema ameponywa hupimwa na kufuatiliwa kwa miaka. Tangu mwaka 1858 wamefika mahujaji mamilioni mengi, na miujiza iliyotambuliwa rasmi ni kama 70 tu. Basi mtu wa Kisesa anatangazwaje mzima kwa dakika tano, bila hata tone la damu kupimwa?

Dawa hizi haziviui virusi vyote, huvizuia visizaliane. Ukiziacha, huamka baada ya wiki chache, na ukizimeza kwa kurukaruka vyaweza kuwa sugu. Mwenye kuzimeza vizuri hata virusi visionekane tena katika kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Lakini hata huyo bado anavyo, na bado anahitaji kidonge cha kesho.

Yule mama, je? Akina mama wawili wa jumuiya walikwenda kwake kila siku, wakafua, wakapika uji, wala hawakumhubiria. Wiki ya tatu aliomba Padre aje. Akaungama, akapakwa mafuta, na siku hiyo akasema amemsamehe marehemu mumewe, jambo alilolikataa kwa miaka sita. Kesho yake alikubali kupelekwa kliniki. Usingizi ulirudi kabla uzito haujarudi. Sisi tunauita huo uponyaji, na tunaamini ni kazi ya Mungu, ingawa hakuna aliyeupigia makofi.

Tarehe 11 Februari ni Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyowekwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992. Kabla haijafika, kila jumuiya ijiulize nani kati yake anakosa nauli ya kliniki, na mchango wa juma hilo aende kupewa yeye, kimyakimya, bila jina lake kusomwa kanisani.