Jeep Wrangler: Usukani ukitikisika, shokomzoba mpya inatosha?

Gari ni jipya, liko kasi barabara kuu, linapita kwenye kishimo tu. Ghafla usukani unatikisika kama una degedege, na hautulii mpaka mwendo upungue sana. Wamarekani wanaita "mtetemo wa kifo", na mwaka 2019 wenye Jeep Wrangler za kuanzia toleo la 2018 walikwenda mahakamani.

Fiat Chrysler ikaanza kuwabadilishia bure shokomzoba ya usukani, ikisema wakati wa baridi viputo vya hewa huingia kwenye mafuta yake. Usalama? Si tatizo, ikasema, dereva apunguze mwendo tu. Rahisi kusema hivyo ukiwa ofisini, huna lori nyuma yako.

Ila shokomzoba inatuliza mtetemo, haiondoi chanzo. Mbele Wrangler ina ekseli nzima, kama Suzuki Jimny: gurudumu moja likicheza, la pili linafuata. Bushi iliyolika, bolti iliyolegea au tairi lisilo na balansi linatosha kuanzisha.

Likikukuta, usikanyage breki ghafla. Achia mafuta, shika usukani, toka pembeni. Gereji, dai bolti na bushi zote zikaguliwe kwanza, ndipo muongee habari ya shokomzoba.