Kauli ya Biblia na Ardhi: Nani Aliisema?

Katika mikutano ya hadhara ya Kitui na Makueni ni kauli chache zinazoshangiliwa kama ile isemayo kwamba wazungu walikuja na Biblia nasi tukiwa na ardhi, tukafumba macho kusali, na tulipoyafumbua Biblia ilikuwa mikononi mwetu na ardhi mikononi mwao. Msemaji humalizia kwa kusema kwamba hayo ni maneno ya Mzee Kenyatta.

Aliyasema wapi, na lini? Sisi wanasheria tumezoea kudai ushahidi, na kila tulipoikuta kauli hii chini ya jina lake hatukuona hotuba wala tarehe. Wengine humpa Askofu Desmond Tutu, ambaye kweli aliisimulia mara nyingi. Lakini mwaka 1962, Tutu akiwa bado kasisi kijana, mwandishi James Baldwin wa Marekani alikwisha kuiandika, akisema kuwa ndivyo Waafrika wanavyonena, bila kumtaja yeyote. Kwa maoni yetu ni usemi wa umma, uliotafutiwa mwenyewe baadaye.

Kosa hili si dogo. Krapf alifika Kitui mwaka 1849 akawa mgeni wa Kivoi, akaondoka bila ekari moja. Misheni ya African Inland ilianza kazi Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka 1895. Hatukatai kwamba misheni nazo zilijipatia mashamba nchini. Hata hivyo, nchi ilitwaliwa kwa kalamu: Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902, kisha ile ya 1915 iliyoifanya hata ardhi tuliyoikalia kuwa mali ya Taji, na hatimaye hukumu ya mwaka 1921 iliyotufanya wapangaji kwa hisani ya Mfalme. Muindi Mbingu alilijua hilo. Alipowaongoza Wakamba hadi Nairobi mwaka 1938 kudai mifugo yao, walitaka kumwona Gavana, si kasisi.

Kalamu ile haikuvunjwa mwaka 1963. Ardhi ya Taji iliitwa ardhi ya Serikali, na mamlaka ya kuigawa akapewa Rais, wa kwanza akiwa Kenyatta mwenyewe. Tume ya Ndung'u ilieleza mwaka 2004 jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria. Basi anayemfanya Kenyatta msemaji wa walionyang'anywa anamwondolea lawama kila aliyeishika kalamu baada ya mkoloni. (Wanasiasa wetu hawaoni tabu kwa hilo!)

Katiba ya 2010, kifungu cha 61, inasema ardhi yote ni ya watu wa Kenya. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inazitaka jamii zijiandikishe, na kabla ya hapo ardhi yao hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba yao. Msemaji atakayeirudia kauli hiyo Mwingi au Wote aulizwe kwanza tarehe ya hotuba, kisha aulizwe ni jamii ngapi za huko amezisaidia kujiandikisha.