KONA YA KOMPYUTA: Diski ya Windows 7 yenye masasisho ndani yake

Likizo zinakaribia, mabegi yanaanza kupimwa, na kama kawaida wengi wetu tutabeba laptopu ya zamani kwa ajili ya mpwa anayesoma sekondari au shangazi mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi.

Laptopu nyingi za namna hiyo zilikuja na Windows 7, na wapo wenye sababu ya kubaki nayo: printa isiyo na drayva ya mfumo mpya, programu ya hesabu za duka isiyokubali kuhama, au mashine yenye RAM ya GB 2 tu. Kazi huanza pale mfumo unapoharibika na kuhitaji kusimikwa upya.

Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, na Service Pack 1 ikafuata mwaka 2011. Microsoft iliendelea kutoa marekebisho ya usalama kwa watu wote hadi tarehe 14 Januari 2020. Kwa hiyo ukisimika kutoka diski ya Service Pack 1, unapata kompyuta ya mwaka 2011. Marekebisho ya miaka tisa hayamo. Kuyapakua nyumbani kwa bando la simu, huku umeme ukikatika katikati ya kazi, kunakula siku na pesa.

Wala si suala la pesa peke yake. Mtakumbuka, hasa mlioko Uingereza, tarehe 12 Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipofunga mafaili ya kompyuta duniani kote na kudai fidia. Hospitali za NHS ziliahirisha matibabu. Nyingi ya kompyuta zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7, na rekebisho la kuzuia shambulio lile lilikuwa limetolewa tangu tarehe 14 Machi, miezi miwili kabla. Mtumiaji hakulazimika kubofya kitu. Virusi vilipita vyenyewe kwenye mtandao kutoka mashine hadi mashine. Kompyuta iliyosimikwa leo kutoka diski ya 2011 bado ina mlango huo wazi.

Dawa ni kuyaingiza masasisho ndani ya diski yenyewe huku uliko, penye intaneti ya uhakika. Ukiitengeneza mara moja, utaitumia mara nyingi.

Mahitaji

Tafuta DVD halali ya Windows 7 yenye Service Pack 1, na kompyuta ya Windows 10 au 11 yenye nafasi ya GB 20 hivi. Soma kibandiko kilicho chini ya laptopu: namba ya Home Premium haitakubali Professional. Diski za bure za mitaani ziache, kwani hujui nani ameweka nini ndani yake.

Kisha ingia kwenye tovuti ya Microsoft Update Catalog upakue masasisho haya matano. Kama diski ni ya biti 64, chagua ya x64. Yaingize kwa mpangilio huu:

1. KB3020369, linaloandaa njia.
2. KB3125574, mkusanyo mkubwa wa Aprili 2016.
3. KB4490628
4. KB4474419. Hili na la tatu huuwezesha mfumo kutambua saini mpya za Microsoft.
5. KB4534310, mkusanyo wa Januari 2020.

Wengi huishia kwenye la pili. Hilo ni la 2016, na WannaCry ilikuja 2017. La tano ndilo linalofunga mlango ule, na bila la tatu na la nne halitaingia.

Hatua

Tengeneza folda C:\W7, na ndani yake folda tatu: dvd, kb na kazi. Nakili vyote vilivyomo kwenye DVD uviweke kwenye dvd, na masasisho kwenye kb. Fungua Command Prompt kama msimamizi. Faili la install.wim ndilo lililobeba mfumo, na kwa kuwa limetoka kwenye DVD, haliruhusu kubadilishwa. Liruhusu, kisha tazama namba ya toleo lako:

attrib -r C:\W7\dvd\sources\install.wim
dism /Get-ImageInfo /ImageFile:C:\W7\dvd\sources\install.wim

Ikiwa toleo lako ni namba 3, lifungue hivi:

dism /Mount-Image /ImageFile:C:\W7\dvd\sources\install.wim /Index:3 /MountDir:C:\W7\kazi

Ingiza masasisho moja moja, ukibadilisha jina la faili kila mara:

dism /Image:C:\W7\kazi /Add-Package /PackagePath:C:\W7\kb\jina.msu

Mkusanyo mkubwa huchukua muda, usiukatize. Yakiisha yote, hifadhi na ufunge:

dism /Unmount-Image /MountDir:C:\W7\kazi /Commit

Sasa tengeneza faili la ISO kwa programu ya oscdimg, inayopatikana ndani ya Windows ADK:

oscdimg -m -u2 -bC:\W7\dvd\boot\etfsboot.com C:\W7\dvd C:\W7\mpya.iso

Angalia ukubwa wake. DVD ya kawaida hubeba GB 4.7, likizidi, tumia ya tabaka mbili ya GB 8.5, au liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus.

Kabla ya kufunga begi

Ijaribu diski kwa kusimika kwenye laptopu hiyohiyo unayoipeleka. Weka na drayva za Wi-Fi kwenye flashi, maana Windows 7 mara nyingi haizitambui. Andika juu ya diski kwa kalamu: toleo, biti, na "masasisho hadi Januari 2020".

Mwisho, waambie ukweli watakaoipokea. Diski hii inafunga matundu yaliyojulikana hadi Januari 2020. Yaliyogunduliwa baadaye yamebaki. Hata Chrome iliishia toleo la 109 kwa Windows 7. Kompyuta hii ifanye kazi ya kuchapa, hesabu za duka na masomo yasiyohitaji mtandao. Mambo ya benki na nywila za barua pepe yasiingie humo. Na kama mpwa anahitaji intaneti kila siku na hana programu inayomfunga na Windows 7, msimikie Linux Mint, nayo ni bure.

Safari njema, na wasalimieni nyumbani.