Usiifute Windows, Ipe Jirani

Na Emanuel Gwandu

Kwa mafundi wengi wa kompyuta, kuanzia Katesh hadi Mbulu mjini, dawa ya kila ugonjwa ni moja: kupiga Windows upya. Mashine nzito, piga Windows. Imeingia virusi, piga Windows. Sasa imeongezeka dawa ya pili, ghali zaidi. Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipofunga huduma ya kawaida ya Windows 10, mteja anaambiwa anunue laptop nyingine.

Sikubaliani. Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Laptop nyingi za mtumba, zile ambazo walimu wanatungia mitihani na steshenari zinachapia barua, ni za kabla ya hapo. Microsoft imeongeza mwaka mmoja wa marekebisho ya usalama kwa wanaojiandikisha, hadi Oktoba 2026, lakini mwaka una miezi kumi na miwili tu. Mashine hiyo hiyo inaendesha mfumo mwingine, Linux Mint, bila leseni ya kununua. Faili lake la kusakinishia ni kama gigabaiti 3. Akilipakua mmoja mwenye bando, flashi inazunguka kata nzima, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Wahubiri wa Linux nao wanakosea wanapomtaka mtu afute Windows siku hiyo hiyo. Mwalimu ana mitihani ya miaka mingi kwenye Word, ana jedwali la Excel alilorithi kwa mtangulizi wake, ana printa yenye ukaidi wake. Wiki ijayo atarudi kwa fundi. Afadhali mifumo yote miwili ikae kwenye diski moja, naye achague kila anapowasha.

Kugawa si jambo geni kwetu. Wilaya ya Mbulu ya zamani ndiyo iliyomegwa ikatoka Hanang, na baadaye Karatu ambayo leo iko Arusha. Mipaka ilihama, mashamba hayakuhama. Diski nayo inaweza kugawanywa hivyo, ila anayepunguza eneo la C awe Windows yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayojua mafaili yake yamelala wapi. Fungua programu yake ya kusimamia diski, punguza C, acha kama gigabaiti 50 tupu. Usiziumbize, kisakinishi cha Linux kitazikuta.

Kabla ya hapo, nakili mafaili yako nje ya mashine. Hili halina mjadala. Umeme ukikatika wakati patisheni, yaani kipande cha diski, inasogezwa, unaweza kupoteza vyote, kwa hiyo kompyuta ya mezani isiyo na UPS na laptop ya betri iliyokufa zisubiri. Kama BitLocker, kufuli la diski la Windows, imewashwa, andika ufunguo wake wa dharura kwenye karatasi. Zima pia kipengele cha Windows cha kuwaka haraka. Kikiwa kimewashwa, Windows haizimiki kikamilifu, na Linux ikija inakuta C bado imeshikiliwa.

Mtego mkubwa uko kwenye mashine kuukuu zenye mpangilio wa diski uitwao MBR. Huo unaruhusu patisheni kuu nne tu, na laptop nyingine zilitoka kiwandani zikiwa nazo zote nne. Ukilazimisha ya tano, Windows itakushauri kwa upole uigeuze diski kuwa ya mtindo wa daynamiki. Kataa. Wanaobonyeza ndiyo hapo hujikuta na diski ambayo Linux haitaki kusakinishwa juu yake.

Baada ya kazi, saa inaweza kukuchanganya. Linux huweka saa ya ubao mama kwa majira ya Greenwich, Windows huisoma kama saa ya hapa. Saa nne asubuhi Katesh, Windows itakwambia ni saa moja. Mashine haijaharibika. Ndani ya Linux andika timedatectl set-local-rtc 1, yaishe.

Ukimpa fundi kazi hii, usitoe hela yote mezani kwa kuona Linux imewaka. Mwambie azime, awashe, aingie Windows, afungue faili lako la zamani mbele yako. Kisha azime tena, aingie Linux, alifungue faili lile lile. Akianza kusema printa itashughulikiwa kesho, baki na sehemu ya malipo hadi hiyo kesho.