Dawa ipimwe ndani ya seli, tena mapema

Protini hazifanyi kazi peke yake. Hushikana, hupeana amri, huzuiana. Katika baadhi ya saratani za damu, protini iitwayo BCL-2 hujaa kupita kiasi na kuzikamata zile zinazoiamuru seli iliyoharibika ijiue. Seli iliyopaswa kufa huendelea kuishi. Ukizibandua protini zilizokamatwa, saratani inapoteza kinga yake.

Kwa miaka mingi wengi waliamini haiwezekani. Kimeng'enya huwa na tundu ambalo dawa inaweza kuliziba, ila pale protini mbili zinapogusana mara nyingi ni papana na bapa, hakuna pa kushika. Venetoclax, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, inajibana kwenye mfereji wa BCL-2 na kuzifungulia protini zilizokamatwa. Imewezekana.

Tunasema hivi: usakaji wa dawa za aina hii ufanyike ndani ya seli hai za mamalia tangu mwanzo, si baada ya fedha kuishia kwenye mirija ya kupimia. Kwenye mrija hakuna utando wa seli wa kuvuka, wala maelfu ya protini nyingine za kuinasa dawa njiani. Hamira, iliyoanza kutumiwa mwaka 1989 kubaini protini zipi zinashikana, ina ukuta mgumu na pampu za kutema kemikali. Dawa nzuri inaweza kukataliwa kwa sababu tu haikuingia.

Lakini seli nazo hupotosha. Katika njia mojawapo, kimeng'enya kinachompa kimulimuli mwanga hugawanywa vipande viwili, kila kipande kikaungwa na protini yake. Protini zikishikana, vipande vinakutana na seli inawaka. Sahani ya plastiki ina vishimo 384, kila kimoja na kemikali yake, na mtafiti anatafuta kilichofifia. Kimefifia kwa nini? Huenda protini zimeachana. Huenda kemikali imeua seli, au imekizuia kimeng'enya chenyewe, na hilo hutokea mara nyingi. Ndiyo maana lazima ziwepo seli nyingine zenye kimeng'enya kizima. Mwanga ukififia na huko, kemikali hiyo iwekwe kando, hata kama matokeo ya kwanza yalipendeza.

Ndugu za protini inayolengwa wapimwe pia. Navitoclax, iliyotangulia venetoclax, iliibana BCL-2 barabara, ila iliigusa na BCL-XL, ambayo chembe sahani za damu huitegemea ili ziishi. Chembe hizo zikapungua kwa wagonjwa. Ikabidi wanakemia warudi kazini, watengeneze molekuli inayochagua.

Kazi hii ina gharama. Seli za mamalia zinataka nyuzi joto 37, hewa yenye asilimia 5 ya kaboni dioksidi, chakula kinachobadilishwa kila mara, na umeme usiokatika. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vina wanakemia hodari wa mimea dawa. Wanaogawa fedha za utafiti wawalipie kabati la kukuzia seli, jenereta yake, na mshahara wa fundi wa kulitunza. Na kemikali iliyofaulu kwenye mrija tu isitangazwe kwa wananchi kuwa ni dawa.