Mfalme Asiyekuwa na Karani

Mwaka 2000 J. K. Rowling alitoa kitabu chake cha nne cha Harry Potter, na humo akampeleka kijana Percy Weasley ofisini. Percy ni msaidizi wa mkuu mmoja, Barty Crouch, katika Wizara ya wachawi. Huandika ripoti, hupanga makaratasi, humtukuza bwana wake hadi nduguze wakamdhihaki. Na bwana huyo hata jina lake halijui, humwita Weatherby. Dunia nzima imecheka. Katika nchi ambamo kila mtu ana fimbo ya kutendea miujiza, karani ndiye kichekesho.

Kicheko hicho si cha Waingereza peke yao. Pwani nako, katika mabaraza ya washairi, neno “karani tu” limekuwa tusi la kistaarabu. Mtunzi, ati, huumba, karani hunakili. Ni kauli ya wavivu wa kufikiri, na wanaoitamka wangefanya vyema kuvuka hadi ng’ambo ya ziwa, Bukoba na Muleba, wakasikilize habari za Wachwezi.

Wachwezi si wachawi, ingawa masikio ya pwani huyachanganya maneno hayo. Ni wafalme wa kale waliogeuka mizimu mikuu, wakatukuzwa tangu Kiziba, kaskazini ya Bukoba, hadi Ihangiro, ambako leo ni Muleba. Mugasha alimiliki ziwa na tufani. Irungu alimiliki mwitu. Juu yao alikaa Wamara. Inasimuliwa kwamba Wamara na wenzake walishuka kuzimu kwa Kintu, wakakirimiwa, wakarudi na mifugo na mbegu. Wamara aliahidi kurejesha shukrani. Akarudi kwake, nchi ikashiba, naye akasahau. Kintu akamtuma Rufu, yaani Mauti, kudai haki yake. Na mwisho wa Wamara ukawa kuzama pamoja na watu wake, wakimfuata ng’ombe aliyempenda.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga wa pwani walilisema hilo juu ya biashara, lakini hakuna tajiri aliyelithibitisha kama Wamara. Katika baraza lake lote, penye mwenye kuamuru mawimbi na mwenye kuamuru wanyama, hapakuwapo mtu mmoja wa kuinama na kumwambia: Waitu, ahadi ya Kintu imefika. Miujiza yote ilikuwapo. Kilichokosekana ni karani.

Na kisa chenyewe kimefikaje kwa wasomaji wa leo? Wazee walikisimulia, naam, na wapiga nanga waliimba habari za kale. Lakini miongoni mwa waliozitia karatasini habari za nchi hiyo, wa mbele kabisa ni Francis Xavier Lwamgira, Mhaya wa Kiziba, aliyekuwa katibu wa baraza la wafalme wa Bukoba. Kitabu chake cha Kihaya, Amakuru ga Kiziba, kilichapishwa mwaka 1949. Utawala wa watemi na wafalme ulipofutwa Tanganyika mwaka 1963, viti viliondoka. Kurasa za katibu zikabaki. Hata hivyo wapo wenye kuteka maji katika kisima hicho wakasema “Wahaya husimulia”, kana kwamba kabila zima lilishika kalamu moja! Huko nako ni kumwita mtu Weatherby.

Itajibiwa kwamba Lwamgira aliwatumikia Wajerumani, kisha Waingereza, na kwamba katibu wa wafalme huandika yanayowapendeza wafalme. Kweli, na yafaa asomwe kwa jicho kali. Lakini hoja hiyo yawageukia wenyewe: kama karani hunakili tu, upendeleo wake umetoka wapi? Anayechagua lipi liandikwe na lipi liachwe si mashine. Wapenzi wa Shaaban Robert wangepaswa kulijua hilo mapema, maana aliyewajengea Kusadikika, nchi iliyo angani, alikuwa karani wa serikali tangu mwaka 1926, na kazi yake ya kwanza ilikuwa ya forodha.

Leo katika ofisi za Bukoba na Muleba, kama kwingineko, wakubwa huja na kuhama. Anayejua jalada liko rafu ipi ni katibu muhtasi. Kibanja cha mjane huweza kusimama au kuanguka kwa karatasi moja ambayo yeye aliihifadhi vizuri, au aliyeambiwa aitupe akakataa. Siku ya kuagana, mkubwa husomewa shairi. Katibu muhtasi hutumwa kwenda kulipiga chapa.

Basi washairi waanze wao. Shairi hilo lilipigwe chapa na mwingine mara moja, na jina la aliyetunza majalada liwe ndani yake, limeandikwa sawasawa. Na kila kinapochapishwa kisa cha Wamara kilichotolewa katika Amakuru ga Kiziba, jina la Lwamgira liwekwe juu ya ukurasa, si chini kwa herufi ndogo.